Natimiza miaka 40, nataka wikiendi tulivu kwa mama Mwanza. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo dada. Mwezi wa nane natimiza miaka 40. Naishi Dodoma, ila nilizaliwa Mwanza na mama bado yuko Nyakato. Nataka nikae naye wikiendi moja pamoja na ndugu na marafiki wachache, kama watu 18 hivi, tule, tucheke, tupumzike. Tatizo kaka yangu ameshafungua kundi la WhatsApp, kaunda kamati na anatafuta ukumbi na MC. Mume wangu naye anataka tukodi boti. Naona mapumziko yangu yanageuka harusi. Nifanye nini bila kumvunja mtu moyo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera mapema. Naandaa shughuli ndogo za familia hapa Mwanza mwaka wa 17 sasa, nyingi za watu wasiozidi 30, na swali lako nimeshaulizwa kwa sura nyingi. Nitangulize jibu, halafu nikueleze. Kila siku ipangie jambo moja tu, na muda unaobaki uache ukae wazi. Ijumaa ni kufika. Jumamosi ni chakula cha mchana nyumbani kwa mama. Jumapili ni ziwa. Ukichomeka jambo la pili kwenye siku yoyote, lazima apatikane mtu wa kukimbizana na saa, na mara nyingi mtu huyo anakuwa mwenye siku yake mwenyewe. Nimewaona wengi wakikata keki wakiwa na ufunguo wa gari mkononi.

Tuanze na kaka. Anachofanya ni upendo, tena kwa njia tuliyokulia nayo wote: kamati, kadi, michango, ukumbi. Njia hiyo inabeba harusi na misiba yetu na naiheshimu sana. Ila ina kanuni zake. Aliyechanga ana haki ya kualikwa, akialikwa ana haki ya kiti, na akikaa anastahili kushukuriwa kwa maiki mbele za watu. Ndivyo watu 18 wanavyofika 80 bila mtu yeyote kukosea. Kwa hiyo usibishane naye kwenye kundi watu wakisoma. Mpigie simu jioni akiwa ametulia, mshukuru kwa dhati, kisha mwambie mama anahitaji siku ya kukaa na watoto wake bila kuvaa nguo za ukumbini. Sijaona kaka anayemkatalia mama yake hilo. Halafu mpe kazi ya kweli, siyo ya kumtuliza: viti, mkaa, na kuwaleta na kuwarudisha wazee. Kazi ya wazee ndiyo kubwa kuliko zote, na yeye aliye Mwanza ndiye anayejua nani anaumwa magoti na nani hapandi bajaji. Kama kuna hela zilizoshatumwa, zirudi kwa kila mtu kwenye simu yake ndani ya wiki hiyo hiyo. Usizigeuzie matumizi, hata ya zawadi ya mama. Maneno ya hela hukaa muda mrefu kuliko keki.

Sasa tarehe. Agosti umechagua vizuri, ni kiangazi, mvua si tishio, jioni kuna kaupepo kazuri. Angalia tu isigongane na Nane Nane kama wageni wako wanatafuta vyumba au wanashukia stendi ya Nyamhongolo, maana viwanja vya maonyesho viko huko huko na barabara hujaa. Lakini kuna jambo ambalo wageni hawalifikirii na sisi wa hapa tunaliangalia: mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza. Wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa zao hazina nguvu, kwa hiyo wengi wanapumzika siku kadhaa na dagaa wabichi wanaadimika sokoni. Ukiweka wikiendi yako kwenye giza, utapata dagaa wabichi wa kukaanga asubuhi, na usiku mkisimama mahali palipoinuka mtaona ziwa zima limewaka taa kama mji mwingine upo ng'ambo. Ukiiweka kwenye mwezi mpevu, utakosa dagaa lakini utapata usiku mweupe wa kukaa nje bila taa ya umeme, mawe yakionekana mpaka juu kilimani. Mimi ningechagua giza, kwa sababu ya rafiki zako wanaokaa mbali na ziwa, ambao hawajawahi kuziona taa zile. Chagua unavyopenda, ila chagua ukijua.

Ijumaa usiiandalie chochote zaidi ya uji, chai, wali na maharage vya kutosha, na vitanda. Watu wanatoka Dar na Dodoma wamechoka, wengine wanafika stendi ya Nyegezi usiku wa manane. Mgeni aliyechoka anataka maji ya moto ya kuoga, chakula chepesi na kuonyeshwa pa kulala. Waliokodi nyumba za wageni waende moja kwa moja, wasilazimishwe kupita kwa mama kusalimia saa sita usiku. Mama atasema wapite. Mkatalie kwa upole.

Jumamosi ndiyo moyo wa shughuli, na chakula chake ni sato. Usinunue Ijumaa ukaweka kwenye friji, wala usimtume dereva. Nenda mwenyewe soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, alfajiri, ukiwa na mtu mmoja wa kubeba na ndoo mbili zenye barafu. Nenda na huyo rafiki yako anayependa kuamka mapema. Utakuta hiyo safari ndiyo atakayoisimulia akirudi kwao. Mwangalie samaki machoni: jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama wala kuwa na ukungu. Funua shavu, matamvua yawe mekundu ya damu. Mbonyeze mgongoni kwa kidole gumba. Nyama ikirudi juu, huyo alikuwa majini usiku uliopita, na shimo likibaki, mwache. Muuzaji mzuri hakasiriki ukibonyeza. Chukua wa ukubwa unaolingana, anayejaa sahani, ili waive pamoja na asitokee mtoto wa kulia kwamba wake mdogo. Na usishawishike na vile vidogo vya bei rahisi: sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, na ukimnunua unamla kabla hajazaa.

Kwa watu 18 nunua samaki 24. Najua umesema 18. Lakini mama yako ana miaka mingi Nyakato, na moshi wa samaki ukipanda, jirani aliyemlea mtoto wa mwenzie atapita kusalimia, na mwenyekiti wa mtaa atapita, na mama wa kwaya atapita. Hao si wavamizi. Ndio wanaompelekea mama yako dawa wewe ukiwa Dodoma. Wapangie sahani tangu mwanzo, sufuria la wali liwe la kilo 4, na ugali usongwe raundi mbili. Mwombe mama akutafutie unga wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, kwa ugali wa pili. Wazee watakula huo na kuuacha wa mahindi, na rafiki zako wataonja kitu ambacho hawakipati hotelini. Pembeni weka mlenda au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yenye karanga. Inatosha. Hakuna haja ya pilau, kuku, mbuzi na chips siku moja.

Kuchoma kwenyewe kuna siri moja tu, nayo ni subira. Para magamba, toa utumbo na matamvua, osha mpaka maji yatoke meupe, kisha mkaushe kwa kitambaa. Samaki mwenye maji hang'olewi kwenye wavu bila kuacha ngozi. Mpige chale tatu kila upande, zifike karibu na mfupa. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, kamulia limao, paka ndani ya chale na tumboni, mwache nusu saa kivulini. Wavu uwe umepata moto na umepakwa mafuta kabla samaki hajaugusa. Mkaa uwe umeshika majivu meupe, usiwe na ulimi wa moto. Mweke, kisha usimguse. Hapa ndipo wajomba wanapoharibu, kila anayepita anataka kumgeuza. Akiiva upande wa chini anajiachia mwenyewe. Ukimsukuma na kijiti na bado ameng'ang'ania, hajawa tayari. Weka mtu mmoja kwenye jiko, mmoja tu, mpe kiti na kinywaji, na wengine wakae mbali.

Na mtu huyo asiwe wewe, wala asiwe mama. Lipa vijana wawili au akina mama wa mtaani wanaopika kwenye shughuli, walipe vizuri na wale chakula kile kile mnachokula ninyi. Katika bajeti yote, hiyo ndiyo hela nisiyokubali ipunguzwe. Niliwahi kuandaa siku ya mama mmoja aliyetimiza 70, watoto wake walinunua kila kitu kizuri, na tulipotaka kupiga picha hatukumwona. Alikuwa nyuma ya nyumba anaosha masufuria, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu wa kuosha. Tangu siku hiyo kiti cha mwenye siku na kiti cha mama yake naviweka mwenyewe kivulini kabla sijawasha jiko, na nawaeleza wote wawili nani anafanya nini mpaka vyombo vya mwisho.

Keki: omba isiwe na krimu nyingi, joto la saa nane mchana halina huruma nayo. Ikatwe saa kumi, watoto wakiwa bado macho. Mlishe mama kwanza. Na kama hutaki kumwagiwa maji, waambie rafiki zako Ijumaa, waziwazi, kwa sababu Jumamosi watakuwa wameshaficha ndoo. Kama unataka, basi iwe nje, mbali na wazee na simu, na uwe na kanga ya kubadilisha. Muziki uwe wa spika ndogo. Mkisikilizana bila kupaza sauti, sauti imetosha.

Baada ya keki ndipo watu huanza kuuliza “sasa kinachofuata?” Mwambie kila anayeuliza kwamba hakuna kinachofuata. Waletewe mikeka. Wageni wako kutoka Dar watashangaa jua halishuki. Huku kwetu linazama karibu na saa moja, kama nusu saa nyuma ya kwao, kwa hiyo jioni ya Mwanza ni ndefu na mna muda. Na hapo, watu wakiwa wamelegea kwenye mikeka, mwombe mama akusimulie siku uliyozaliwa.

Hili nakuomba ulichukue kwa uzito wake. Bibi zetu wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala hawakukata keki, lakini siku haikupotea, iliwekwa ndani ya jina. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula au Kabula. Nyanzala alikuja wakati wa njaa. Kulwa na Doto ni mapacha, na anayewafuata ni Shija, hivyo ukimsikia mtu anaitwa Shija unajua juu yake kuna wawili, hata kama hawapo tena. Ukiita watu kwa majina kwenye mkeka wa Kisukuma unasoma kalenda ya familia nzima. Kwa hiyo usimuulize mama tarehe, tarehe unayo. Muulize mvua ilikuwaje. Nani alimpeleka hospitali, kwa usafiri gani. Baba alikuwa wapi habari zilipomfikia. Nani alichagua jina lako, na jina gani lilikataliwa. Kisha nyamaza umwache aende polepole, hata akisimama kimya katikati, usimsaidie kumalizia. Mtu mmoja arekodi kwa simu iliyowekwa mezani, si ile ya kumsogezea usoni. Nimekaa kwenye mikeka ya namna hiyo mara nyingi na bado sijachoka. Watu wazima wa miaka 40 wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba walizaliwa mama yao akiwa peke yake, au kwamba kuna shangazi aliyetembea kutoka Kisesa usiku. Akimaliza, mwambie “wabeja, mayu,” yaani asante, mama, basi, na mtu alete chai.

Jumapili, ziwa. Mama ataenda ibada ya kwanza. Anayetaka kumsindikiza amsindikize, wengine walale. Kifungua kinywa kiwe cha taratibu: viazi vitamu, karanga, dagaa wa kukaanga, chai ya maziwa.

Kuhusu boti ya shemeji, kabla hajalipa chochote muulize mama. Ziwa hili lina kumbukumbu nzito nyumbani kwetu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia kufika Mwanza, na marehemu wengi wamezikwa pale Igoma, ambapo mama yako hupita akienda Kisesa au kwenye msiba. MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walifariki. Wakati wa MV Bukoba wewe ulikuwa mtoto, yeye alikuwa mtu mzima na huenda alijua watu waliokuwemo. Wako wazee hapa ambao hawajakanyaga chombo cha majini tangu mwaka ule. Kama ni mmoja wao, asishawishiwe siku ya furaha yako. Abaki ufukweni na mtu wa kukaa naye, na hao wanaokwenda waende bila kumtania.

Wanaokwenda, waende kisiwa cha Saanane. Ni karibu, dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point, na ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kwa hiyo mnapanda kwa utaratibu na maboya ya kujiokolea yapo. Jina ni la Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani humo kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Watoto watawapenda pimbi na wale mijusi wa kwenye mawe, dume ana kichwa na kifua cha waridi na mwili wa bluu kana kwamba kapakwa rangi jana. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, maji yakiwa bado yametulia. Mchana upepo unaamka na mawimbi nayo. Kwa boti yoyote ile, iwe ya hifadhi au ya kukodi, kila mtu avae boya kabla ya kuondoka, mtoto avae la ukubwa wake, na mkiona watu wanaongezwa, shukeni. Mimi nilishawahi kushusha wageni 12 kwenye boti iliyokuwa inaendelea kupakia, tukapoteza hela na nusu ya siku. Ningefanya hivyo tena kesho.

Na rafiki zako watataka kuogelea. Wapeleke kwenye bwawa la hoteli mojawapo kule Ilemela, wakaogelee huku wanaliangalia ziwa. Kichocho kipo kwenye fukwe zetu, konokono wake wanakaa kwenye majani na maji yaliyotulia pembezoni, na vijidudu vinapenya kwenye ngozi nzima bila hata mchubuko, zaidi jua likiwa kali. Aliyeshaingia asiogope, ila akifika kwao apime baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu mapema mno kipimo kinaweza kisione kitu, na dawa inafanya kazi vizuri vijidudu vikishakomaa. Mwandikie ujumbe kabisa, umkumbushe tarehe.

Kurudi, kila mgeni abebe dagaa wakavu kidogo, wafungwe mara mbili na wakae mbali na nguo. Wenye kubeba sato wabichi wafungiwe sokoni kwenye boksi lenye barafu asubuhi ile ile ya safari.

Jambo la mwisho ni la Jumatatu, na mara nyingi linasahaulika. Nyumba iliyokuwa na watu 24 inabaki na mtu mmoja na kuku. Usiondoke na basi lile lile la wageni. Kama kazini watakuruhusu, baki mpaka Jumanne. Kama haiwezekani, abaki mdogo wako au mjukuu mmoja mkubwa. Rudisheni viti vya watu, mwageni majivu, gawieni majirani mabaki ya keki. Mchana mle naye ule ugali wa udaga uliobaki, umepashwa moto, na mumweke kwenye simu sauti yake ya Jumamosi aisikilize. Nina hakika atasahihisha sehemu mbili tatu.